Tangazo linasema "ipo stoo", unalipa, kumbe mzigo bado uko baharini (wana Mwanza tusaidiane)

#1 Mama_wa_Mwalo, Igombe

Mwangaluka wakuu. Hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwezi, nikasema ngoja kwanza liishe ndo niandike, maana ukiandika ukiwa na hasira unaweza kumchafua mtu ambaye kesho ndo anakutumia mzigo wako. Sasa limeisha, naandika.

Nina mtumbwi mmoja wa dagaa hapa Igombe, vijana wanne wanaingia nao ziwani. Kwa asiyejua kazi yetu, dagaa tunavua usiku wa giza. Taa zinashushwa majini zinaelea, dagaa wanajikusanya kwenye mwanga, ndo nyavu inazungushwa. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi tena maana ziwa lote linang'aa, kwa hiyo siku saba mpaka kumi hivi za mwezi kujaa vijana wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Yaani sisi mshahara wetu unahesabiwa kwa giza. Ukikosa giza moja umekosa mwezi.

Taa zangu zilikuwa zimebaki tatu nzima. Januari 27, Jumanne, nikaona tangazo la muuzaji wa Dar, seti ya taa ya LED na betri ya lithiamu ya 12V 20Ah na chaja yake, sh 115,000. Chini imeandikwa ZIPO STOO, MIKOANI SIKU 3. Nikampigia kabisa, siyo meseji, nikamuuliza kijana wangu hizi taa zipo? Akasema zipo mama, stoo zimejaa, wewe tuma tu hela. Nikapiga hesabu yangu, mwezi unajaa Februari mosi, giza linaanza kushika kama tarehe 6, siku 3 zinatosha kabisa. Nikatuma 690,000 ya seti sita. Hela yote.

Tarehe 30 kimya. 31 namuuliza, ananiambia samahani mama zimeisha jana usiku ila mzigo mwingine upo bandarini, wiki moja tu. Wiki ikaisha. Akasema meli zimezuiwa Bahari ya Shamu. Nikamwambia basi nirudishie hela nitafute kwingine, akasema hela imeshaingia kwa bosi wa mzigo, haitoki. Baada ya hapo nikaanza kupigwa kalenda, kesho, keshokutwa, Jumatatu, halafu akala buyu kabisa, tiki mbili za bluu na hajibu. Giza lote la Februari vijana wangu waliingia na taa tatu. Walikuwa wanarudi na ndoo tisa wakati mtumbwi wa jirani unashusha ishirini na kitu, na wako sehemu moja ya ziwa.

Mzigo umefika stendi ya mabasi Nyegezi Machi 4. Siku ya 36. Mwezi umejaa Machi 3. Nimeshuka na boksi langu kichwani usiku ule mbalamwezi inawaka mpaka naona mawe yote ya kando ya ziwa.

Naomba nieleweke, kuchelewa nakujua. Mtu anayeishi na ziwa hawezi kulalamikia kuchelewa, upepo ukiamka hakuna chombo kinachotoka. Angeniambia siku ile ya kwanza "mama sina, naagiza, subiri mwezi na nusu" ningemshukuru, ningekodi taa za watu nikavuka. Kinachoniuma ni lile neno IPO. Je na nyie mmekutana na haya? Na mnamjuaje mwenye mzigo kweli?

#2 Kijana_wa_Buzuruga

Pole sana mama. Mimi ilikuwa kioo cha simu tu, nikaambiwa kipo, nikasubiri siku 19, mwisho nimeletewa cha simu nyingine. Sikuwa na mtumbwi unaonisubiri lakini nimeielewa hasira yako.

#3 Nansio_Kwetu

Mama pole. Nyie wa Mwanza mnalia siku 36, sisi wa visiwani Ukerewe tuna safari nyingine juu yake. Muuzaji akishasema "Mwanza siku 3" anajua kamaliza. Mzigo unafika Nyegezi, unakaa ofisi ya basi mpaka nipate mtu wa kunichukulia, aupeleke bandari ya Mwanza Kaskazini, usubiri meli ya Nansio. Halafu kama ni mteja wangu wa Ukara bado kuna kwenda Bugolora kupanda kivuko kingine. Nilishawahi kupokea friji dogo limegeuzwa kichwa chini njia nzima, unamuuliza muuzaji anasema nilikabidhi basi likiwa zima, unamuuliza wa basi anasema nilikabidhi likiwa zima. Kila mtu alikabidhi likiwa zima.

Kwa hiyo mimi siku hizi sikubali "Mwanza", namuuliza Mwanza wapi, nani anaupokea, na nani anaupandisha melini. Akishindwa kunijibu hayo matatu silipi.

#4 Mpokea_Kargo

Mama wa Mwalo, pole. Nimefanya kazi ya kukusanya mizigo Guangzhou miaka minne, sasa nipo Mwanza nasambaza, ngoja nieleze mzigo unavyokuja kweli ili watu wajue wapi wanadanganywa na wapi hawadanganywi, maana si kila anayekuchelewesha ni mwizi.

Kwanza hilo la Bahari ya Shamu. Meli inayotoka kusini mwa China kuja Dar inapita mlango wa Malaka, inakatiza Bahari ya Hindi, inaingia Dar. Haifiki Bahari ya Shamu, ile ni njia ya kwenda Suez na Ulaya. Ni kweli tangu mashambulizi ya mwishoni mwa 2023 meli za Ulaya zikazungukia Afrika Kusini na hilo likabana meli na makontena mpaka bei zikapanda hata kwa wengine. Lakini mtu akikwambia meli yako ya Dar "imezuiwa" kule, hajui anachosema au anakupanga.

Pili betri. Betri ya lithiamu inayosafiri peke yake, nje ya kifaa, ilipigwa marufuku kubebwa kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016 dunia nzima. Inaruhusiwa ndege za mizigo tu, tena ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30 na makaratasi yake maalumu. Ndo maana kargo nyingi za ndege ukiwatajia betri wanakukatalia au wanakuambia bei inayotisha. Kwa hiyo betri zako mama karibu hakika zilikuja kwa meli. Anayekuahidi betri kutoka China kwa ndege siku saba kwa bei ya kawaida muulize maswali mengi.

Tatu, meli yenyewe. Wafanyabiashara wetu wengi hawajazi kontena peke yao, tunalipia kwa ujazo, vitu vya watu hamsini vinaingia kontena moja. Kontena haliondoki mpaka lijae. Hapo unaweza kupoteza wiki mbili mzigo uko ghalani Guangzhou na wewe unaambiwa "upo njiani". Majini hesabu siku 30 mpaka 45, kuna meli zinapitia bandari nyingine kushusha na kupandisha. Ikifika Dar kuna forodha, na hapa ndo watu hawajui, kontena ni moja kwa hiyo mmoja kati ya wale hamsini akiwa kaandika "vyombo" kumbe ndani kuna kitu kingine, mzigo wa wote unasimama mpaka lake liishe. Mimi nimeshakaa na wateja wananitukana kwa kosa la mtu hata jina lake silijui.

Na mwaka huu kulikuwa na jingine. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa Februari 17. Viwanda vinafunga wiki mbili tatu, wafanyakazi wanaondoka kabla na wanarudi taratibu, kila mtu anasukuma mzigo wake utoke kabla ya sikukuu, maghala yanafurika. Muuzaji yeyote anayeagiza China anajua hili tangu mwaka jana yake, linabadilika tarehe tu kwa sababu kalenda yao inafuata mwezi, siku zote inaangukia mwezi ukiwa umepotea kabisa angani.

#5 Mama_wa_Mwalo, Igombe

Mpokea_Kargo ubarikiwe. Nimesoma mara mbili. Kumbe tarehe 17 ambayo mimi ndo nilikuwa katikati ya giza, usiku mweusi ti, ndo siku dagaa wanapatikana vizuri kuliko zote, wenzetu ndo wamefunga viwanda. Wao na sisi tunafuata mwezi uleule. Nimeandika kwenye daftari, kila nikitaka kitu cha China kwa giza la Februari niagize Novemba.

Sasa kama anajua yote hayo kwanini aandike ZIPO STOO?

#6 Muuza_Vyombo_Makoroboi

Mama nijibu mimi hilo maana na mimi nauza, nina meza Makoroboi na nauza mtandaoni pia. Nitasema ukweli wote.

Wengi mnaowaona na matangazo hawana stoo. Hawana hata boksi moja. Kariakoo kuna makundi ya WhatsApp, mwenye duka la jumla anatupia picha na bei, madalali mia tatu wanachukua picha ileile, kila mmoja anaongeza elfu kumi yake, anaandika "ipo". Mwenye duka ana seti ishirini. Madalali mia tatu wote wamesema ipo. Wa kwanza kufika dukani na hela ndo anachukua, na mara nyingi ni mtu aliyekuja mguu wake wala hajui habari za mtandao. Dalali akienda na oda yako anakuta zimeisha. Hapo akiwa mwaminifu anakurudishia hela siku ileile. Asiye mwaminifu, au ambaye hela yako kashalipia kodi, anaanza kukwambia meli.

Na hata sisi wenye mzigo tunakosea. Mwaka jana niliuza jiko la gesi la mwisho asubuhi hapa mezani, tangazo nikaliacha juu, jioni watu wawili wakalipia jiko lilelile. Sikulala. Asubuhi nikawarudishia wote na nauli ya kutuma nikailipa mimi. Tangu hapo nina daftari limefungwa kamba kwenye meza, kikitoka kitu kinakatwa, na saa moja usiku kabla sijafunga napitia matangazo yote nafuta. Ni dakika kumi na tano. Mtu akikuambia mtandao haukumruhusu kufuta ni uvivu.

Ila na nyie wanunuzi mnatuponza kidogo. Ukiandika "naagiza, siku 45" hakuna anayekuuliza hata bei. Wa pembeni akiandika "ipo" anapigiwa simu ishirini. Mimi nimeshapoteza wateja kwa kusema kweli.

#7 Kijana_wa_Buzuruga

Hapo namba 6 umenigusa. Ni kweli nikiona "naagiza" napita.

#8 Busisi_Sengerema

Naongezea la kwetu huku. Kabla ya daraja la Kigongo-Busisi wauzaji walikuwa wanatutoza sisi wa Sengerema na Geita hela ya ziada na siku za ziada kwa sababu ya kivuko cha Kigongo, ilikuwa haki yao, foleni ya pantoni tulikuwa tunaijua wote. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, gari linapita dakika chache. Mpaka leo kuna muuzaji ananiandikia "Sengerema ongeza 8,000 ya kivuko na siku 2". Nikamtumia picha ya daraja. Akapunguza. Jamani tuangalie kile tunachotozwa, wengine wana orodha za bei za zamani wala hawajawahi kufika huku.

#9 Mwanasheria_Mtaani

Wakuu naomba niseme la sheria kwa kifupi. Kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ina sehemu yake ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni, muuzaji anatakiwa ajitambulishe, aweke anwani na mawasiliano, aeleze bidhaa na bei kamili. Kuna pia Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na kusema bidhaa ipo wakati haipo ni kupotosha, mlalamiko unapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ile namba 15040 ya kuripoti namba za simu za matapeli ni kwa utapeli, msiitumie kwa mtu ambaye kachelewa tu na anapokea simu.

Lakini sheria inataka karatasi. Mama, ile simu uliyopiga "zipo mama stoo zimejaa" haina ushahidi. Ukishapiga, malizia kwa meseji: "kama ulivyosema kwa simu leo, seti sita zipo, zinatumwa kesho, nikilipa 690,000, zisipotumwa kufikia tarehe fulani unarudisha hela." Akijibu "sawa" tayari mna makubaliano. Na skrinshoti ya tangazo piga siku unayolipa, siyo siku unayogombana, maana siku ya ugomvi tangazo litakuwa limeshabadilishwa.

#10 Mzee_wa_Pasiansi

Zamani angalau kulikuwa na kampuni moja katikati. Jumia, lile duka la mtandaoni, walipofunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019 naona mimi biashara kubwa ilihamia kwenye kurasa za mtu mmoja mmoja, na hapo hela inaenda moja kwa moja mfukoni mwa muuzaji kabla kitu hakijatoka. Ugonjwa uko hapo. Kama hakuna wa katikati, lipa nusu, nusu nyingine ukiona mzigo ofisi ya basi. Asiyekubali nusu mwache. Mwenye mzigo kweli anakubali kwa sababu anajua mzigo wake uko mkononi.

#11 Muuza_Vyombo_Makoroboi

Mzee shikamoo. Nusu nakubali kwa vitu vya kawaida. Ila kuna wateja nao wanatuma nusu halafu mzigo ukifika Nyegezi hawaendi kuuchukua, simu wamezima, unarudi Dar kwa nauli yangu. Kwa hiyo mimi nusu yangu ya kwanza lazima ifunike nauli ya kwenda na kurudi.

#12 Mzee_wa_Pasiansi

Marahaba. Hiyo ni haki kabisa.

#13 Dada_Kisesa

Mimi njia yangu ni video. Siyo picha, picha zinazunguka nchi nzima. Namwambia aandike jina langu na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya mzigo, achukue video aanze na karatasi amalizie na stoo yote bila kukata. Dakika moja. Dalali asiye na kitu hapo ndo utamjua, ataanza "nipo nje ya ofisi", "kijana wa stoo katoka". Mmoja alinitumia video nzuri ila nikasikia redio kwa nyuma inatangaza mechi ya wiki iliyopita. Nikaachana naye.

Na akishatuma, nataka picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari na namba ya mzigo. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku 2023, mzigo uliopakiwa Dar jioni mimi kesho yake naupokea, pamoja na kwamba ni kilomita zaidi ya 1,100. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeshatuma" na siku ya tatu hujauona na hana risiti, hajatuma.

#14 Nansio_Kwetu

Dada hiyo ya karatasi na jina naichukua.

#15 Mama_wa_Mwalo, Igombe

Wakuu nimerudi, kuna jambo sikusema pale juu na Dada_Kisesa kanikumbusha. Nilivyofika Nyegezi sikufungua boksi palepale, nilikuwa nimechoka na daladala za kurudi Igombe zinaisha. Nimefika nyumbani nafungua, betri nne nyepesi, mbili nzito. Boksi ni lilelile, stika ileile 20Ah lithiamu. Nikaweka kwenye mizani ya dagaa. Zile nne kila moja kilo mbili na kidogo, zile mbili kila moja kilo sita. Nikabandua stika ya moja, chini yake kuna stika nyingine, ya betri ya asidi ya kawaida. Mpokea_Kargo hii ni nini?

#16 Mpokea_Kargo

Mama hizo mbili si lithiamu. Ya lithiamu ya 12V 20Ah ndo hizo kilo mbili na kidogo, ya asidi ya ukubwa huo ni kilo sita hivi. Mizani haidanganyi hata stika ikidanganya. Za asidi zinawaka vizuri mwanzoni lakini ukizimaliza chaji kila usiku kama mnavyofanya ziwani zinakufa mapema sana, hazikutengenezwa kumalizwa mpaka chini. Na usizichaji kwa ile chaja ya lithiamu. Piga picha zikiwa juu ya mizani, namba isomeke, mtumie leo.

#17 Mwanasheria_Mtaani

Na hii sasa siyo kuchelewa tena, stika juu ya stika ni udanganyifu. Tunza betri zote mbili na hiyo stika uliyobandua, usitupe kitu. Mpe tarehe kwa meseji.

#18 Kijana_wa_Buzuruga

Weka namba yake humu mama tumpigie wote.

#19 Mama_wa_Mwalo, Igombe

Hapana mwanangu, namba ya mtu siweki. Huenda na yeye stika kaikuta, na sitaki watu mia wamtukane kijana kwa neno langu mimi. Nitamalizana naye.

#20 Mama_wa_Mwalo, Igombe

Wakuu mrejesho. Nilimtumia picha za mizani kama mlivyonielekeza, na meseji nikampa mpaka Jumamosi. Safari hii alijibu ndani ya saa moja. Amesema zile mbili alijazia kwa mtu mwingine baada ya kontena kuja pungufu, hakuzifungua. Amerudisha 230,000 kwa mafungu mawili, la mwisho limeingia jana jioni, na betri amesema nizirudishe kwa basi kwa nauli yake. Nimemwambia pia abadilishe lile tangazo. Nimeingia kuangalia leo asubuhi, limeandikwa "kwa oda, wiki 6 mpaka 8". Nitaagiza kwake tena zile mbili zilizobaki, kwa nusu, kwa sababu sasa amesema ukweli na Muuza_Vyombo kanifundisha kwamba anayesema ukweli ndo tunamkimbia.

Nansio_Kwetu umeniuliza inboksi kama taa zenyewe ni nzuri. Nne tumezichaji na kuzijaribu kwenye pipa la maji usiku mzima, hazijaingiza maji na moja imewaka mpaka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mwezi umeanza kuchelewa kutoka, vijana wameshapakia nyavu. Wanaingia leo na taa saba.